Shujaa Wako Anakula Saa Ngapi?

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi mbele ya wachoraji na waandishi wa vibonzo. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, kwa ajili ya wenzetu waliokuwa safarini na wale ambao mvua iliwazuia. Picha nilizokuwa nikizionyesha ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu mliotangulia katika kazi hii, shikamooni. Vijana, hamjambo? Naona viti vya mbele mmeviogopa kama kawaida yetu. Haidhuru, sauti yangu inafika.

Niombe ruhusa nianze na msiba. Oktoba 2023 alifariki mchoraji na mwandishi wa vibonzo aitwaye Keith Giffen, Mmarekani, mzaliwa wa Queens, New York. Alikuwa na miaka 70. Alipokwisha kufa, ukatolewa kwenye ukurasa wake wa Facebook ujumbe aliouacha mwenyewe. Mnadhani alisema nini? Aliwashukuru mashabiki? Alisamehe maadui? Kwa Kiswahili chetu alisema hivi: niliwaambia naumwa, lolote lile, ilimradi nisiende kwenye tamasha la vibonzo la New York. Halafu jina lake, 1952 hadi 2023, na mwisho kabisa kicheko: “Bwah ha ha ha ha.” Na tamasha lenyewe lilikuwa linaanza wiki hiyohiyo!

Jamani, mtu anatania ndani ya tangazo la kifo chake! Kwetu kazi hiyo tuna watani wa kuifanya. Mnawajua: mtani anafika msibani anadai deni la marehemu, anakaa juu ya kaburi, anasema hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe. Waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka na machozi bado yako mashavuni. Giffen hakuwa na mtani wa kabila la jirani, akaamua kujitania mwenyewe.

Wangapi mnamjua? Naona mikono miwili. Haya, wangapi mnamjua Rocket, yule mnyama mdogo mwenye bunduki kubwa kuliko yeye? Aa! Chumba kizima. Rocket alichorwa mara ya kwanza na Giffen, mwaka 1976, katika hadithi ya Bill Mantlo. Lobo, yule mbabe wa angani mwenye pikipiki, ni wa Giffen na Roger Slifer, 1983. Blue Beetle wa sasa, kijana Jaime Reyes, ni wa Giffen, John Rogers na mchoraji Cully Hamner, 2006, na filamu yake iliingia kumbini Agosti 2023, hata miezi miwili haikutimia mzee akaondoka. Kwa hiyo mnamjua. Jina tu ndilo geni.

Lakini hao sikuwajia leo. Nimekijia kicheko kile. “Bwah ha ha” ina kwao, na kwao ni timu ya mashujaa iitwayo Justice League, kuanzia mwaka 1987.

Kabla sijafika huko, kisa changu kidogo. Nikiwa na miaka ishirini na kitu nilipeleka kibonzo kwa mhariri mmoja, simtaji. Kurasa kumi na mbili. Shujaa wangu alikuwa na kila kitu: anaruka, anapasua ukuta, risasi zinadunda kifuani. Mzee akafunua kurasa zote kumi na mbili bila kutoa neno. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaniuliza: “Huyu anakula saa ngapi?”

Nikadhani ananitania. Nikamwambia, mzee, huyu ni shujaa. Akanirudishia bahasha yangu. “Basi siku akisikia njaa, mlete.”

Nilikasirika mwezi mzima. Nilikuja kupata jibu miaka kadhaa baadaye, kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza turubai chini, pale mjini Posta. Kibonzo cha timu hiyohiyo, hakina gamba, kona zimeliwa na mchwa. Nikasimama juani kukisoma nikisubiri vita ianze. Nafunua, wanabishana. Nafunua tena, bado wanabishana. Watu wamevaa makoti ya vita na vinyago, wamekaa chumba kimoja, na mada ni nani kasema nini juu ya nani. Nikakinunua bila kupunguziwa bei, jambo ambalo mke wangu hajawahi kuliamini.

Sasa tuanze na makombo.

Mwaka 1986 kampuni ya DC Comics ilikuwa inafagia nyumba yake. Hadithi yao ndefu ya Crisis on Infinite Earths imekwisha, mashujaa wakubwa wanaanzishwa upya. Superman yuko kwa John Byrne. Wonder Woman yuko kwa George Pérez. Flash naye kapewa wengine. Giffen na mhariri Andy Helfer ndio wamekabidhiwa Justice League, timu iliyokuwapo tangu 1960, meza kuu ya wakubwa wa kampuni nzima. Wanapiga hodi mlango kwa mlango kuomba wahusika, na kila mlango unawajibu: hayupo. Anaoga. Kasafiri. Mwishowe Denny O'Neil, aliyekuwa mhariri wa vitabu vya Batman, akawaonea huruma, akawaazima Batman.

Na wengine? Blue Beetle wa zamani, Ted Kord, fundi asiye na nguvu yoyote ya ajabu, ambaye DC walimnunua pamoja na wenzake kutoka kampuni ya Charlton. Captain Marvel, aliyezaliwa kampuni ya Fawcett. Mister Miracle, bingwa wa kujifungua minyororo, aliyebuniwa na Jack Kirby. Black Canary. Doctor Fate. Martian Manhunter, mtu wa sayari ya Mars, rangi ya kijani, ambaye yumo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyekuwa anamgombania. Guy Gardner, Green Lantern wa akiba, yaani askari wa angani mwenye pete ya nguvu, nywele zimekatwa kama kafunikwa bakuli. Toleo la 4 akaingia Booster Gold, mchezaji wa zamani kutoka karne ya 25, aliyerudi nyuma kwenye zama zetu kutafuta umaarufu na matangazo ya biashara.

Wewe ungefanya nini na kikosi hicho? Sema kweli. Mimi ningelia. Ningesema bajeti hakuna, wahusika hakuna, ngoja nisubiri nipewe Superman.

Lakini hebu fikirini. Superman ana mlinzi. Ukimfanya ateleze kwenye ganda la ndizi, kesho yake mhariri wake yuko mlangoni. Cha mtu hukichezei. Blue Beetle nani anamlinda? Nani ataandika barua kulalamika kwamba Blue Beetle ana kitambi? Hao makombo, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwalilia, ndio walioweza kuwa wavivu, wenye madeni, wenye wivu, wanaosahau kulipia umeme. Mlango waliofungiwa wakubwa wakaingilia binadamu.

Na kumbukeni hali ya hewa ya wakati ule. Mwaka 1986 ndio uliotoa vibonzo vya Watchmen na The Dark Knight Returns, kazi nzito, kazi kubwa, sizibezi. Ila waliofuata nyuma waliiga giza lake tu. Kila shujaa akawa na uso wa mtu anayedaiwa kodi ya miezi sita. Katikati ya matanga hayo ndipo linapotokea genge hili linacheka.

La pili nitalipitia upesi, ingawa ndugu zangu waandishi mtapenda nilikalie. Ni namna walivyofanya kazi. Giffen hakuwa anaandika hadithi kama tunavyoandika sisi. Alikuwa anaichora. Toleo zima analipiga kwa michoro ya haraka, kisanduku kwa kisanduku, na maneno ya kushikiza tu ili mwenzake ajue nani anasema nini. Maneno yenyewe yanayosomwa ni ya J.M. DeMatteis, mtoto wa Brooklyn. Na DeMatteis huyu, mwaka uleule 1987, aliandika ile hadithi ya Spider-Man ambamo mwindaji Kraven anamzika Spider-Man mzima mzima, na mwisho Kraven anajiua. Mkono uleule! Asubuhi kaburi, jioni kicheko. Waliompa DeMatteis kazi hii hawakumpa mchekeshaji. Walimpa mtu anayeijua huzuni.

Mnawakumbuka washairi wa malumbano gazetini? Mmoja anafunga ubeti kwa kijembe, mwenzake anakidaka kibwagizo kilekile, anakigeuza, anamrudishia. Ndivyo walivyokuwa. DeMatteis anaweza kuyaacha maneno ya Giffen akaweka yake, mzozo ukaelekea kwingine kabisa, na Giffen akiona hivyo anajibu katika toleo linalofuata. Hakuna aliyemlinda mwenzake asiharibu. Mimi nimefanya kazi na waandishi ambao ukibadilisha nukta wanasusa wiki mbili. Siwataji, wengine wako humu.

Tuje kwenye nyuso. Hapa nitakaa.

Mchoraji alikuwa Kevin Maguire, kijana, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza. Wenzake walikuwa wanachora misuli. Yeye alichora nyusi. Angalieni gamba la toleo la 1: timu nzima imebanana pamoja, macho juu, wanakutazama wewe msomaji, na Guy Gardner yuko mbele anakuuliza kama una la kusema. Hakuna anayeruka. Hakuna jengo linalolipuka. Gamba hilo limeigwa na wachoraji wengine mara nyingi mno, na si kwa sababu ya misuli.

Fanyeni jaribio dogo. Chukueni ukurasa wowote wa Maguire, funikeni viputo vyote vya maneno kwa vidole. Bado utajua nani anadanganya, nani amechoka, nani anazuia kicheko. Halafu funikeni viputo vya ukurasa wenu wenyewe. Mimi nilifanya. Nililala mapema siku hiyo.

Sasa, toleo la 5, mwaka 1987. Guy Gardner, kwa wasiomjua, ni yule abiria anayeamini daladala nzima inapaswa kusikiliza muziki wa simu yake. Tangu mwanzo anataka uongozi. Anayeongoza ni Batman, na Batman si muongeaji. Guy anaongea. Anaongea, anaongea, anaongea, mpaka anamwita Batman wapigane kiume, na ili iwe haki anavua pete yake ya nguvu. Ngumi juu.

Hapo mimi na wewe tungefanyaje? Tumeingoja vita hii matoleo manne! Tungetenga kurasa sita. Meza zinavunjika, vioo vinapasuka, jasho linaruka.

Wao walitoa ngumi moja.

Moja! Guy yuko chini, chali. Imeisha. Na sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hukosea wakisimulia: kichekesho si ngumi. Kichekesho ni Blue Beetle, anayecheka mpaka anaishiwa pumzi, anarudia “Ngumi moja! Ngumi moja!” kama mtoto wa shule aliyemwona mwalimu wa zamu akiteleza kwenye tope. Na Black Canary, aliyetamani kuliko wote kumwona Guy akipigwa, hakuwepo. Anaingia kachelewa, anaambiwa yaliyotokea, na anasononeka kama aliyekosa harusi ya dada yake. Guy naye alipozinduka aliinama kutafuta pete yake, akajigonga kichwa, akainuka mpole. Mpole kabisa, anaongea kama mwanakwaya, na wenzake wanamwogopa kuliko alipokuwa mkorofi.

Mnaona kilichofanyika? Aliyepiga hana habari, aliyepigwa hana fahamu, aliyeona hana mbavu, aliyekosa hana furaha. Ngumi moja, nyuso nne. Ni miaka zaidi ya thelathini na watu bado wanakisimulia kisa hicho, na vita zile za kurasa sita za wenzao hazikumbukwi.

Nije kwenye chakula, maana nilimwahidi yule mzee.

Martian Manhunter, jina lake J'onn J'onzz, anapita ukutani, anageuka umbo lolote, anasoma mawazo, na kwa nguvu hayuko mbali na Superman. Watu wake wamekwisha wote. Mke amekufa, mtoto amekufa, kwa maradhi. DeMatteis alilisimulia hilo mwaka 1988 katika matoleo manne ya pekee. Kwenye timu hii yeye ndiye baba mwenye nyumba: anatuliza ugomvi, anakemea, anaomba watu waketi. Na ana udhaifu mmoja. Biskuti. Oreo, zile nyeusi zenye krimu nyeupe katikati. Anazipenda kupindukia.

Huyu anakula saa ngapi? Huyu tunajua! Na ukishajua, ukimwona na pakiti yake unacheka, halafu kicheko kinakukwama kidogo kooni. Mtu wa mwisho wa sayari nzima amepata kitu kimoja hapa duniani kinachomfurahisha, na kinauzwa dukani. Kile si kichekesho cha kubandika. Kimeota palepale penye jeraha.

Angalieni na wale mapacha wasiozaliwa pamoja, Blue Beetle na Booster Gold. Wana nini? Hawana hela. Kila siku wanabuni mradi wa kutajirika. Wakafungua hoteli ya kamari kwenye kisiwa kiitwacho Kooey Kooey Kooey, kwa fedha za timu, bila kuomba ruhusa. Mliowahi kupokea simu ya rafiki mwenye “mpango mzuri, leta kidogo tu” mnaujua mwendo huo. Kisiwa chenyewe kikaja kugundulika ni kiumbe hai. Kikaondoka! Kikaogelea kwenda zake na hoteli juu yake. Adui hakuna katika kisa hicho ila tamaa, na tamaa ile ni yangu na yako.

Nisiwadanganye kwamba yote yalikuwa asali. Walikwenda miaka mitano, hadi 1992, na katikati wakazaa timu nyingine ya Ulaya, mwaka 1989, na utani mwingine ukachakaa kwa kurudiwa. Kuna hata tawi la Antaktika, la wahalifu walioshindikana, wakivamiwa na pengwini wauaji. Pengwini nawasamehe. Mbwa G'nort, yule Green Lantern mjinga, mnisamehe ninyi mnaompenda. Mimi kila akitokea nafunua ukurasa haraka. Mcheshi akishajua anachekesha, hapo ndipo pa kumchunga.

Walirudi mwaka 2003, Giffen, DeMatteis na Maguire walewale, na kazi hiyo ikapata tuzo ya Eisner, ile tuzo kubwa ya vibonzo ya Marekani, upande wa ucheshi, mwaka 2004. Wahusika wamezeeka, vitambi vimeongezeka, madeni yako palepale.

Halafu ikaja 2005. Kampuni ilikuwa inaandaa hadithi nyingine kubwa ya giza, na ilihitaji kifo cha kuifungulia. Wakamchukua Ted Kord, huyo Blue Beetle wetu mwenye kitambi. Maxwell Lord, mfanyabiashara aliyekuwa mlezi wa timu hii ya vichekesho, akampiga risasi ya kichwa. Na miezi hiyohiyo, rafu ya jirani, ilikuwa inatoka hadithi mpya ya Giffen na wenzake ambamo Ted huyohuyo yuko hai, anacheka na rafiki yake Booster. Msomaji ananunua vyote viwili kwa siku moja. Mkono huu maiti, mkono huu anacheka.

Mimi nilikasirika. Nimeulizwa mara nyingi, unamkasirikia nani, ni karatasi tu. Ndiyo, ni karatasi. Lakini waliouawa katika vibonzo ni wengi, tena wengine wakubwa kuliko yeye, na sikupoteza usingizi. Kwa nini huyu? Kwa sababu nilimjua anavyocheka. Nilijua deni lake. Nilijua rafiki yake atapokeaje simu. Yule shujaa wangu wa kurasa kumi na mbili ningemuua hata mara tatu kwenye ukurasa mmoja, nani angeuliza matanga yako wapi?

Mhariri wangu yule ameshatangulia. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba nilimwelewa. Nadhani angeniuliza tu kama nimekula.

Basi, naona karatasi zimegawiwa. Kila mtu ukurasa mmoja, visanduku tisa, mpangilio alioupenda Giffen. Watu wanne wenye nguvu zozote mnazotaka, ndani ya chumba kimoja. Nje mvua inanyesha na hakuna adui anayekuja. Mmoja wao amekula chakula cha mwenzake kilichokuwa kwenye friji. Mna nusu saa, chai italetwa hapohapo. Na wewe wa kule nyuma, ambaye umeshaanza kumchora anapasua ukuta, nimekuona.